Shingo ya Alumini

Wivu wa Stanislas ulianzia sikioni. Alikuwa nje ya ukumbi wa parokia siku ya ubatizo mmoja, mchana kweupe, akimalizia sigara, na ndani vijana wa orkestra walikuwa wakijaribu vyombo. Ghafla noti moja ya gitaa ikatoka dirishani, ikakataa kufa. Noti ya kawaida hulia, ikachoka, ikaenda zake. Hii ilisimama tu hewani, nyembamba na safi, kama mlio wa sufuria tupu iliyogongwa kwa kijiko, mpaka Stanislas akajikuta ameshika pumzi akiisubiri iishe. Akazima sigara ikiwa nusu, na mwaka ule mjini Lubumbashi hakuna mtu mwenye akili aliyezima sigara ikiwa nusu, akaingia ndani.

Aliyekuwa akipiga ni Osée. Osée huyuhuyu! Kijana aliyekuja kutoka Kambove akiwa na miaka kumi na minne na ndala zisizofanana, Stanislas akamshika vidole kimoja kimoja na kumwonyesha pa kuviweka. Miaka kumi sasa alikuwa akimpigia gitaa la pili, nyuma yake, kwa adabu. Leo alisimama mbele na gitaa ambalo shingo yake haikuwa ya mbao hata kidogo. Ilikuwa alumini tupu, inang'aa, na kichwa chake kimegawanyika katikati kama uma wa mezani.

Habari zake zilijulikana upesi. Baada ya uporaji ulioukumba mji mwaka uliopita, wageni walikuwa wamehama kwa haraka, na mwalimu mmoja wa kigeni alipata nafasi ya kuvuka kwenda Zambia katika lori la Paluku, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Mwalimu hakuwa na noti ambayo Paluku angekubali kuipokea, akaacha gitaa. Osée alibeba magunia katika depo ya Paluku miezi mitatu, na ujira wake ukawa hilo gitaa.

"Hii ni guitare ao ni nyungu?" Stanislas akauliza kwa sauti ya kusikika na wote.

Watu wakacheka kusikia gitaa likiitwa sufuria. Osée naye akacheka, akalivua, akampa mzee wake kwa mikono miwili. "Vieux, shika uone."

Lilikuwa zito, na baridi, na kichwa chake kilitaka kwenda chini. Lakini vidole viliteleza juu ya ile shingo bila kukwama popote. Stanislas alipiga noti moja tu, juu kabisa, mahali ambapo gitaa lake mwenyewe huwa linakohoa. Noti ikasimama, ikamtazama. Akalirudisha haraka kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Iko muzuri ku kupika sombe," akasema, kama anayesifu sufuria ya kisamvu, na watu wakacheka tena. Yeye akatoka nje kuitafuta ile nusu ya sigara.

Hapa ni lazima niseme Stanislas alikuwa nani, maana mtu aweza kudhani alikuwa mpumbavu. Alikuwa fundi mkerezaji katika karakana ya migodi, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na mikono yake iliweza kutoa ekseli iliyokaa sawa bila kupimwa mara ya pili. Wazee wake walitoka Kongolo. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na siku alipostaafu alimnunulia mwanawe gitaa la umeme, jekundu, la mbao, shingo yake imeunganishwa na mwili kwa gundi tangu kiwandani. Kwa gitaa hilo Stanislas alipiga solo ya orkestra ya kambi tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Ukisema "Stanis" katika kambi ya wafanyakazi, watu walijua unasema gitaa.

Ila karakana sasa ilikuwa inakufa. Mishahara ilikuwa imegeuka kuwa hadithi, mashine moja baada ya nyingine zilinyamaza, umeme ulikuja kwa saa mbili au tatu, na nyumbani kwa Stanislas walikula mara moja kwa siku. Ndipo Godefroid, mpiga besi na kiongozi wa orkestra, alipoleta habari. Mwaba, mwenye hoteli ya Kitwe upande wa Zambia, anatafuta wanamuziki wa mwaka mzima. Chumba, chakula, na malipo ya kweli. Lakini anataka watu wanne tu: mwimbaji, ngoma, besi, na gitaa moja.

"Moja?" Stanislas akauliza.

"Moja. Atakuja juma ya posho, mwezi ya sita. Mutapiga bote babili, yeye mwenyewe atachagula."

Juma ya posho, yaani Jumamosi. Kila mtu katika chumba alitazama sakafu. Stanislas alimtazama Osée, na akaona, au alidhani ameona, kwamba yule kijana anatazama shingo yake ya alumini.

Tangu siku hiyo roho haikutulia. Alimchukia kijana kwa namna alivyofunga viatu. Alimchukia kwa kusema "vieux" kwa heshima, kwa sababu alisikia kejeli ndani yake. Akiwa mazoezini hakusikia tena anachopiga mwenyewe. Alisikia tu ile sauti ndefu pembeni. Wasichana waliokuja kuchungulia waliliendea gitaa lile kuligusa, na Stanislas akakumbuka kwamba lake hakuna aliyewahi kutamani kuligusa. Hapo alikosea, kama utakavyoona, lakini mwenye wivu huhesabu upande mmoja tu.

Akaenda kwa Paluku kumwuliza kama lipo lingine.

"Ilikuwa moja tu, papa," Paluku akasema, akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi. "Na uyo kijana alikuya kunirudishia yo mara mbili. Anasema inamusumbua. Nikamwambia, huku kwangu hatukombolaka, kitu ikitoka hairudie."

Stanislas akaondoka akicheka peke yake barabarani. Mtu arudishe kitu kama kile! Ni wazi Osée alimpanga mfanyabiashara aseme hivyo, ili wengine wasilitamani. Ujanja wa watoto wa siku hizi.

Siku chache baadaye Osée mwenyewe akaja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda uani, akamsalimu Victorine, mke wa Stanislas, akauliza habari za watoto, kisha akasogeza kigoda mbele kama mtu mwenye neno. Gitaa jekundu lilikuwa limelala juu ya kitambaa chake.

"Vieux, naomba nishike kidogo yako."

"Yangu? Ju ya nini? Si uko na ya bazungu?"

"Ile yangu iko na maneno mingi. Asubui ukiishika inauma mikono. Tena inataka uilinganishe nyuzi palepale utapigia. Ukiitosha ku moto ukiipeleka ku baridi, sauti inageuka yote."

"Unanifundisha miye mambo ya chuma?"

"Hapana, vieux. Nilikuwa nataka kusema..."

Tayari Osée alikuwa amelichukua gitaa jekundu. Alipitisha kidole gumba polepole kwenye shingo ya mbao, pale ambapo vanishi ilikuwa imelika kwa miaka ya mkono mmoja. Stanislas akamtazama na damu ikampanda. Huyu amekuja kupima jeneza langu, akawaza. Anataka kujua ameniacha umbali gani. Akalinyakua gitaa mikononi mwake kwa nguvu hata uzi mmoja ukalia.

"Rudia kwako. Tutaonana juma ya posho."

Osée akasimama, akaaga vizuri, akaondoka. Neno lake aliondoka nalo.

Ni usiku huo au kesho yake asubuhi, Stanislas mwenyewe hakukumbuka baadaye, wazo lilipomwingia. Yeye ni nani? Si mkerezaji? Mwanamuziki mwingine yeyote angelitamani gitaa lile mpaka afe, lakini kuna mji gani mwingine duniani ambapo mpiga solo anaweza kuamka na kujitengenezea shingo ya chuma kwa mikono yake? Alikaribia kupiga kelele. Mshenzi yule atajua!

Alumini ilikuwa tatizo dogo. Alikuwa na pistoni mbili mbovu za lori. Hazikutosha, basi Jumapili, Victorine akiwa misani, akachukua sufuria yake kubwa, ile aliyopewa na mama yake Kongolo siku ya harusi, akaipeleka mtaa wa Katuba kwa vijana wanaosubu sufuria kwa kumimina alumini katika mchanga. Wakaiyeyusha pamoja na pistoni, wakammiminia kipande kirefu, kizito, chenye rangi ya mwezi.

"Baba Jeanne," Victorine akauliza jioni, "nyungu ya mama yangu iko wapi?"

"Iko ku kazi."

"Nyungu inatumika kazi gani?"

"Kazi ya kutupeleka Kitwe. Ngojea."

Akangojea, lakini kwa mdomo uliofungwa namna ambayo Stanislas aliijua na kuiogopa.

Wiki hiyo alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya karakana ilipokuwa hai. Umeme ulikuja kuanzia saa tano hadi saa saba mchana, naye alisimama kwenye mashine akikata, akipiga tupa, akisugua kwa msasa na mafuta. Maganda ya alumini yalijikunja miguuni pake. Ndani ya karakana ile iliyooza alikuwa mtu mwenye furaha, nisimdanganye msomaji. Shingo ilitoka laini, ikang'aa kuliko ya Osée. Akaipima umbali wa kila mstari, pale vidole hubana nyuzi, ikiwa bado na joto la mashine, akatabasamu.

Kulikuwa na sheria moja katika karakana ile. Stanislas aliwafundisha vijana wa mafunzo kwa makofi ya kisogoni miaka ishirini: usipime kitu kingali moto. Alumini hasa. Chuma hunywea kidogo kikipoa, alumini hunywea mara mbili. Sheria hiyo aliijua kama jina la mkewe. Wiki ile haikumjia kichwani hata mara moja.

Ijumaa alilikata gitaa la baba yake. Shingo ilikuwa ya gundi, haikufunguka, ikabidi msumeno. Lilipasuka kwa sauti kavu, na nyuzi za mwisho za mbao zikashikilia, akazivunja kwa goti. Aling'oa mistari yake ya chuma na kuihamishia kwenye shingo mpya, akakaza boliti nne nene. Jioni makaa yalikuwa yameisha. Maji ya bukari, ugali wao, yalikuwa juu ya jiko la mbabula na hayataki kuchemka. Stanislas akaichukua ile shingo ya mbao, akaivunja vipande viwili, akaviingiza chini ya sufuria ndogo iliyobaki. Alitaka asiwe na pa kurudi.

"Ile ilikuwa ya baba yako," Victorine akasema.

"Baba alisha kufa."

Mti ule mgumu uliwaka vizuri sana. Bukari ikaiva upesi.

Mwaba alitaka kuwasikia Jumamosi saa moja asubuhi, kwa umeme wa jenereta aliyokuja nayo, kwa sababu saa tatu lori lake lilipaswa kuelekea mpakani. Saa moja asubuhi, mwezi wa sita! Wanaoijua Lubumbashi wanaijua ile baridi. Majani ya uani huwa meupe na maji ya ndoo hukata vidole. Tena madirisha ya ukumbi wa parokia hayakuwa na vioo. Waporaji walikuwa wameving'oa pamoja na fremu zake, na upepo ulipita humo kama uko kwao.

Stanislas aliamka saa kumi na moja alfajiri. Akawasha vijiti ndani ya mbabula, akaliweka gitaa kando yake lisije likamwuma mikono, akalinganisha nyuzi moja moja mpaka zikawa sawa kabisa, akalifunga ndani ya kitenge cha Victorine na koti lake zito, akalibeba kifuani. Liliingia ukumbini likiwa na joto kama mtoto. Osée alikuwa tayari humo. Alikuwa amelala humohumo juu ya mabenchi, makoti mawili mwilini, na gitaa lake limeachwa wazi pembeni, limepoa kama jiwe la mtoni. Mtu ana gitaa la namna hiyo, Stanislas akawaza, na analilaza kama mbwa!

Kama mkubwa, alitangulia. Akafungua kitenge.

Kelele iliyotoka vinywani mwa watu ilimlipa wiki nzima ya kazi. Godefroid aliweka besi chini akasogea kuangalia. Lakini Stanislas hakumwangalia Godefroid. Alimtafuta Osée, akamwona amesimama, mdomo wazi, uso umemporomoka, macho yamekwama kwenye ile shingo mpya inayong'aa. Sasa umejua, Stanislas akasema moyoni. Sasa na wewe onja.

Akapiga. Mwaba, mwanamume mnene aliyevaa kofia ya sufu, alikuwa amekunja miguu. Kwa noti ya kwanza akaikunjua. Ile noti ilisimama. Ubeti mzima wa kwanza Stanislas alikuwa mtu aliyepewa tena ujana wake, na akacheka akipiga.

Kwenye ubeti wa pili besi ilisikika kama imepanda juu. Stanislas akamkazia Godefroid jicho. Godefroid akatikisa kichwa: si mimi. Akasikiliza tena. Ni yeye aliyeshuka. Nyuzi zake zote zilikuwa zinalegea, si sana, kiasi cha kuudhi jino. Akakaza moja, akarudi kupiga. Nyingine ilikuwa imeshuka tayari. Akaikaza hiyo, na ile ya kwanza ikawa inapotea tena. Mwimbaji alijaribu kumfunika kwa sauti. Na katika kiganja chake cha kushoto Stanislas alisikia joto likitoka ndani ya chuma, likimkimbia, shingo ikinywea mkononi mwake huku upepo wa madirishani ukiinywa.

Usipime kitu kingali moto.

Alijisikia akipigwa kofi la kisogoni, yeye mwenyewe, kwa mikono ya vijana wote aliowahi kuwapiga. Hakungoja kusimamishwa. Aliacha katikati ya wimbo, akafunga gitaa katika kitenge.

Osée hakupiga kwa ustadi wa ajabu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na mara mbili alikosea. Lakini gitaa lake lilikuwa limelala na baridi ile usiku kucha na limelinganishwa ndani ya baridi ileile, na kati ya wimbo na wimbo alilirekebisha bila haraka, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Lilikaa sawa.

Mwaba akamwendea Stanislas kwanza, kwa heshima. "Ba Stanis, mukwai, mukono yako iko ya mukubwa. Lakini ku hoteli bantu banacheza, habangoje guitare ikumbuke sauti yake." Kisha akampa Osée mkono.

Stanislas akatoka. Alikuwa amefika kwenye ngazi aliposikia viatu nyuma yake.

"Vieux. Ile shingo ya mbao iko wapi?"

"Unaitakia nini? Si umeshinda?"

"Nilitaka tubadirishane," Osée akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa ndala zisizofanana. "Weye uchukule hii yangu, na miye unipe ile. Uende weye Kitwe. Nilikuya ku kwako ile siku kwa kusema, ukaninyanganya. Nikasema nitakuambia asubui, mbele ya kupiga. Njo ukafungula kitenge."

"Hii yako... inalia muzuri kupita zote."

"Inalia muzuri. Lakini haiko ile." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Vieux, tangu niko na miaka kumi na ine niko natazama ile guitare. Ukikuwa unaiweka ku kitambaa yake, nilikuwa nasikia wivu mpaka naenda kutubu kwa padiri. Hii nilinunua ju nilijua ile hautaitosha ku mikono yako hata siku moja. Sasa sikia, tunaweza kuigundisha. Niko na colle ya nguvu. Mbao ikikatwa na msumeno inashikana. Iko wapi?"

Stanislas alimtazama. Miaka kumi. Miaka kumi nyuma ya bega lake kulikuwa na mtu anayemwonea wivu kwa kila noti, na yeye hakuifurahia hata siku moja, kwa sababu hakujua.

"Tulipikia bukari," akasema.

Osée akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa kwa mikono miwili. Ndipo dereva wa Mwaba akapiga honi.

Orkestra ilivuka mpaka siku ileile. Juma lililofuata Stanislas akafungua boliti nne, akaibeba shingo mpaka Katuba, na wale vijana wakaisubu upya kuwa sufuria. Ilikuwa ndogo kidogo kuliko ya mama mkwe, kwa sababu ya maganda yaliyobaki karakanani, na Victorine aliigeuza mkononi mara mbili bila kusema asante. Mwili mwekundu wa gitaa ulitundikwa ukutani bila shingo.

Siku hizi vijana wakisikia kwamba kuna gitaa la namna ile linauzwa mahali, huja kumwuliza kama linafaa kununuliwa, maana wameambiwa anajua. Huwa hasemi uongo. Huwaambia ni zito, linauma mikono asubuhi, linataka subira kama mgonjwa, na sauti yake haina mfano.

"Nunua," huwaambia, "kama uko na ingine ya mbao. Na ile ya mbao usiichome."

Wanacheka, wakidhani ni utani wa mzee. Ndani Victorine anasonga bukari, mwiko unagonga ukingo wa ile sufuria ya Katuba, na mlio mmoja mwembamba unatoka mlangoni na kukaa hewani. Stanislas huacha kusema, akaungoja uishe. Kisha huingia ndani kunawa mikono.